Vumbi la Chini ya Meli

9 Januari

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kwenye kiti chako cha kamba, miguu juu ya ndoo, ukijifanya husikii mkaza mjomba anavyokuita. Mwambie namsalimu sana, na sweta aliyonifumia nimeivaa mpaka wenzangu wameanza kuniuliza kama nina nguo nyingine. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, nagombana na mwenye nyumba juu ya bomba la jikoni linalovuja, ambalo yeye anasema linatokwa jasho tu.

Siku uliponisindikiza uliniuliza nakwenda kusomea nini hasa. Nikakujibu "seli", ukacheka mpaka ukashika ukuta, ukasema hukunilea baada ya mama kufariki ili nikasomee mahabusu. Sasa naweza kukueleza vizuri zaidi. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi ndogo inayoitwa thimasi. Humo ndimo baadhi ya seli za kinga zinamokomaa kabla ya kuingia kwenye damu na kupambana na maradhi. Mimi nachukua seli za thimasi ya panya, naziweka kwenye visahani vya plastiki, kisha naziongezea tone la sumu yenye bati. Si bati la kuezekea, mjomba. Ni madini ya bati yaliyounganishwa na kaboni kiwandani, yakageuka kitu kingine kabisa. Baada ya saa chache seli zinasinyaa na kuanza kujikatakata kwa ndani. Ajabu yake ni kwamba sumu ikiwa kidogo haizipasui. Inazipa amri ya kujiua, nazo zinatii, kwa utaratibu, kipande baada ya kipande.

Sumu hiyo zamani ilitiwa kwenye rangi ya kupaka chini ya meli, ili konokono na magugu yasing'ang'anie. Ilipigwa marufuku. Kazini kwenu nadhani mmeshaisahau.

Lakini wifi alinipigia simu wiki iliyopita. Anasema kaka amelala na kifua tena, mara ya tatu tangu mvua zianze. Mdomoni ana vidonda, na ule mkwaruzo wa kwenye muundi alioupata kwa mbao bado haujafunga. Kaka mwenyewe alinyang'anya simu akasema wifi anapenda kuongea. Mjomba, hapo chelezoni, wewe na kaka mnapopandisha meli na kuzitengeneza, mnapaka rangi gani siku hizi? Naomba unibandulie kipande kidogo kutoka kwenye meli, unitumie kwa posta. Rafiki yangu wa ghorofa ya juu ana mashine ya kupimia. Ni kunitoa wasiwasi tu.

Mpwa wako anayekuwaza,
Mtu wa Mahabusu

*

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu kwa sababu miwani yangu ilikaliwa. Sitamtaja aliyeikalia, ila yumo humu ndani, ni mnene kidogo, na ndiye aliyekufumia sweta. Anakusalimu. Anasema ukivua hiyo sweta uifue kwa maji baridi. Siku hizi ana ugomvi na jirani wa kushoto juu ya kamba ya kuanikia nguo. Wamefikia mahali pa kusalimiana kwa kukohoa.

Kazi inaendelea. Tumepandisha meli ya kubebea saruji, kubwa, tumbo lake limejaa magamba utadhani limeota ndevu. Kaka yako Ngongoti ndiye anayelipiga msasa, kwa sababu katika vijana wangu wote yeye peke yake analifikia bila kupanda jukwaa. Wenzake wanamwonea wivu. Hapandi ngazi, habebi mbao, anasimama tu kanyoosha mikono juu kama anaanika shuka. Unamjua alivyo, akishaanza kazi hataki kuitwa mpaka amalize.

Kifua chake kisikutishe. Kila mtu hapa ana kifua. Vumbi ni vumbi, na mvua za mwaka huu hazina adabu. Nimemwambia apumzike Jumamosi, akanijibu kwamba Jumamosi ni siku ya kulipwa, siyo ya kupumzika. Nikamwacha, maana hata mimi katika umri wake ningejibu hivyo hivyo.

Umeuliza rangi. Tunapaka rangi mpya, ya kopo lenye picha ya nanga, na ina karatasi zake zote. Nimekuwekea kipande humu ndani, nimekifunga kwa karatasi ya ndani ya paketi ya majani ya chai kisivunjike. Mpe huyo rafiki yako wa juu. Mwambie mjomba wako anasimamia karakana ya rangi na anajua anachokipaka.

Soma kwa bidii. Nikikutana na watu wa zamani wa marehemu mama yako huwa nawaambia mtoto wake anatazama vitu ambavyo Mungu mwenyewe alivificha. Wanadhani nakuza mambo.

Ni mimi mjomba wako,
ambaye hapa wanamwita Mzee Burashi

*

15 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo, na pole kwa miwani. Mwambie mkaza mjomba nimeifua sweta kwa maji ya moto kabla barua yako haijafika, kwa hiyo sasa inamfaa mtoto wa mwenye nyumba.

Majibu yametoka. Kipande chako ni safi. Hakina bati la aina ile hata chembe. Rafiki yangu aliniletea karatasi ya mashine nikiwa koridoni, nikamkumbatia mbele ya msimamizi wangu, ambaye si mtu wa kukumbatiana. Nimelala vizuri tangu siku ile. Hata rafiki yangu kasema rangi yenu ni safi mno, kama imekauka juzi. Nikamwambia mjomba wangu ni mtu wa kazi nadhifu.

Huku utafiti unasonga. Ndani ya kila seli kuna vinu vidogo sana vinavyoipa nguvu. Sumu ya bati ikiingia, inavijeruhi vinu hivyo, vinavuja, na kile kinachovuja ndicho kinachoamsha mikasi iliyokuwa imelala humo humo ndani ya seli. Hapo kazi ya kujikata inaanza. Tunazitia seli rangi ya kijani inayong'aa kwa zile tu zilizokwishaanza kufa, na nikiinama kwenye hadubini naona zinawaka moja moja, kama taa za mtaa jioni. Ni nzuri kutazama. Naona aibu kusema hivyo, lakini ni nzuri.

Mwambie kaka aende hospitali hata hivyo, kwa ajili ya kile kidonda cha mguuni. Mwambie mdogo wake kasema. Simwandikii mwenyewe kwa sababu atasoma mstari wa kwanza na kuniuliza lini naolewa.

Wako mwenye furaha leo,
Mpwa wako

*

19 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Leo sina utani, utanisamehe.

Kaka yako yuko hospitali. Amelazwa tangu Jumatatu, wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na dirisha. Mapafu yote mawili. Miguu yake inapita ukingo wa kitanda, muuguzi ikabidi alete stuli ya kuiegeshea. Homa inashuka asubuhi, mchana inapanda tena. Mke wake haondoki pale, na mkaza mjomba anampelekea uji.

Daktari ni mwanamke kijana, wa umri wako. Ananieleza mambo taratibu kama mtu anayemvusha mzee barabara. Anasema dawa anazompa zinafanya kazi yake, ila mwili wenyewe hausaidii. Zile seli nyeupe za damu zinazotakiwa kupambana zimepungua mno, na hajui kwa nini. Amepima maradhi yote yanayojulikana kupunguza hizo seli, hakuna hata moja. Akaniuliza kaka yako anafanya kazi gani. Nikasema fundi rangi. Akaandika hivyo hivyo, fundi rangi, akaenda kitanda kingine.

Nataka kukuuliza jambo. Zile mashine zenu zinaaminika kiasi gani? Na je, kama mtu hakupaka, ila alipiga msasa rangi ya zamani iliyokuwa chini ya rangi nyingine, vumbi likamwangukia, hiyo nayo ingekuwa tatizo? Nauliza tu. Jibu unapopata nafasi.

Mjomba

*

28 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Wifi alinipigia jana, amesema homa bado. Nimeomba ruhusa ya kuja, nikaambiwa nisubiri mitihani iishe. Nimesubiri, kama mtu mwenye adabu, na nimejichukia kwa hilo.

Ndiyo, vumbi lingekuwa tatizo. Vumbi ni baya kuliko rangi mbichi, maana linavutwa.

Sasa mimi nakuuliza. Kile kipande ulikibandua wapi?

Rangi iliyobanduliwa kwenye meli huwa na matabaka. Naijua, nimekulia kwenye ovaroli zako. Ina nyekundu chini, halafu kijivu, halafu rangi ya mwaka juzi, na nyuma yake ina kutu. Kipande chako kilikuwa tabaka moja tu. Nyuma yake paling'aa kama kioo, na ubavuni kulikuwa na mkunjo wa mviringo, kama ukingo wa mfuniko wa kopo. Niliuona mkunjo huo siku ile ile bahasha ilipofika. Niliupitisha kidole. Kisha nikampelekea rafiki yangu, na alipouliza nilifanya mzaha, na nilipokuandikia nilifanya mzaha tena. Nilijua, mjomba. Nasema nilishuku, lakini kwa kweli nilijua. Nilikubali jibu lile kwa sababu ndilo nililolitaka, nikakumbatia watu koridoni huku kaka amesimama chini ya meli kanyoosha mikono. Hiyo ni tangu Machi. Sina wa kumsingizia.

Kwa hiyo sikuandikii kama hakimu. Naomba jambo moja, na naliomba leo. Nenda kwa yule daktari umweleze kilichomo chelezoni. Usiseme fundi rangi. Mweleze ni rangi gani, iko wapi, na kaka ameivuta kwa muda gani. Akitaka, mpe jina langu na anwani ya maabara.

Na wale wengine bado wanapiga msasa?

Mpwa wako

*

2 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika mapema. Nimekaa nayo. Mkaza mjomba aliniuliza inasemaje, nikamwambia unamsalimu.

Kwa daktari nilikwenda siku ile ile niliyoisoma. Hilo nililifanya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta kiti akakaa, hakunisemesha vibaya. Aliniuliza tu kwa nini sikumwambia siku ya kwanza. Nilitazama viatu vyangu. Amebadilisha baadhi ya dawa, na kaka yako ameanza kula. Anaongea kwa pumzi fupi fupi. Jana alimtania muuguzi kwamba stuli ya miguu yake nayo ilazwe kama mgonjwa.

Sasa nikwambie. Nyuma ya ghala letu kuna mapipa ya zamani, yalikuwapo tangu kwa meneja aliyetangulia. Vijana wakiyaita rangi ya kuwasha, kwa sababu ikikudondokea mkononi ngozi inababuka. Kila mtu alijua hayaguswi. Mwaka juzi rangi mpya ilichelewa, meli iko juu imeshapandishwa, mwenye meli anaitaka. Meneja akaniita ofisini. Hakusema nitumie kile cha nyuma. Aliniuliza tu, "Mzee, kule nyuma kuna kitu gani?" Nami nikamjibu kama mtu aliyeulizwa njia, nikamwelekeza. Tukapaka. Wenye meli wakafurahi, meli zinarudi tumbo safi. Wengine wakaja. Basi ikawa ndiyo rangi yetu, na makopo yenye picha ya nanga yanakaa mbele kwa ajili ya wageni. Meli zikirudi tunaipiga msasa ile ile tuliyoipaka, na chini yake kuna ya miaka ya nyuma.

Barua yako ya Januari niliisoma mara nyingi kuliko unavyodhani. Nilijua unaongelea nini tangu mstari ule wa konokono. Nilichukua mfuniko wa kopo jipya, nikaupaka ile rangi ya nanga, nikauweka juani uani. Nikakaa pale nikisubiri ukauke, mkaza mjomba anapita ananiuliza nalinda nini. Hapo nilikuwa na nafasi ya kuinuka. Sikuinuka. Niliogopa ukisema ndiyo, itabidi nijue.

Na Ngongoti nilimweka chini ya meli mimi, kwa mdomo wangu, kwa ajili ya urefu wake. Vinyago vya puani, vya kuzuia vumbi, vilikuwapo wakati fulani. Vilipokwisha sikudai vingine.

Unaniuliza kuhusu wale wengine. Nimewapa kazi ya gati, wanapaka reli za ukingoni. Meneja ananiuliza meli italala hapa hadi lini, namwambia burashi zimechakaa. Hawajui chochote. Kaka yako naye hajui. Naogopa nyuso zao, huo ndio ukweli.

Nakuomba jibu moja, wewe ndiye unayelijua hilo jambo. Ndiyo au hapana. Mimi ndiye niliyemfanya hivi?

Mjomba wako

*

20 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mitihani imekwisha, nimefaulu, na sikumwambia mtu. Kuja bado sijaruhusiwa, mpaka utafiti uishe.

Nimeandika barua hii na kuichana. Kwenye karatasi moja nilikuandikia hapana. Nilikuwa nakuonea huruma, nikakumbuka ulivyokuwa ukinisuka nywele kwa vidole vinavyonuka spiriti, kila Jumapili, vibaya mno, na mimi nikienda shule nikijisifu. Kwenye nyingine nilikuandikia ndiyo, na hiyo niliiandika kwa hasira. Zote mbili ni uongo.

Nikiwekewa kisahani cha seli na tone la sumu ile, nakwambia bila kusita zitakufa, na nakwambia zitakufaje. Panya wakilishwa sumu hiyo, thimasi yao inasinyaa. Hayo yameonekana. Lakini kaka si kisahani. Ana umri wake, ana mavumbi mengine aliyovuta, ana mwili wake. Kwa binadamu wanaopumua vumbi hilo kazini kinachojulikana ni kichache, maana waliopimwa ni wachache. Daktari anaweza kupima kama sumu imo mwilini, na hilo litatuambia aliivuta. Halitatuambia ndiyo iliyozimaliza seli zake. Huenda hatutajua kamwe. Najua ulitaka nikubebee mzigo huo, upande wowote, ilimradi ukutoke begani. Siwezi. Mimi mwenyewe nina wangu wa Machi, na nimetafuta mtu wa kuniambia ndiyo au hapana, sijampata.

Lakini hayo ni ya kaka, ambayo yameshatokea. Wale wengine bado yanawatokea. Kuwapa kazi ya reli hakutoshi. Wanarudi nyumbani na ovaroli zile zile. Na wewe ukiugua kesho, atakayekuja baada yako atawarudisha chini ya meli bila hata kujua.

Nimeongea na msimamizi wangu. Ameandika kwa idara ya afya ya kazini ya huko kwenu, na daktari wa kaka amekubali kuwapima wote kliniki. Barua ya idara itafika chelezoni mwisho wa Agosti. Sikuweza kuizuia, na sikutaka. Nakwambia mapema ili wakati watu wa idara wanaingia getini, vijana wako wawe wameshasikia kutoka kwako. Ukiwaacha wasikie kwa wageni, hutawatazama tena.

Na kaka umwambie kabla yao. Msomee na ile barua yangu ya Mei, yote, pamoja na sehemu yangu. Usiiruke kwa kunihurumia.

Mpwa wako, anayekupenda, hilo halijabadilika

*

5 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Hongera kwa mitihani. Mkaza mjomba alipiga vigelegele mpaka jirani wa kushoto akatoka nje kuuliza kuna nini, ikabidi waongee, na sasa wanaanika nguo pamoja. Angalau kuna kitu umekitengeneza.

Nilianza na kaka yako. Alikuwa ameshatolewa wodini, yuko kwake, amekaa kitandani na mto mgongoni. Nilimweleza yote kwa kufuatana, mapipa, meneja, mfuniko. Kisha nikamsomea barua yako. Nilipofika kwenye mkunjo wa mfuniko alinikatiza. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Na mdogo wangu alijua?"

Nikamwambia kama ulivyoandika. Akageukia ukutani. Nilimtazama mgongo, umebaki mbavu. Baadaye akasema, "Toka kwanza, mjomba," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba mlango ufungwe. Nikatoka. Kuanzia siku ile nikienda mke wake ananipokea vizuri, ananipa maji, ananiambia amelala. Nilikuwa nayanywa yale maji na kurudi nyumbani.

Kwa vijana ilikuwa asubuhi, wakati wa chai. Niliwaita pale pale chini ya meli, kila mmoja na kikombe chake. Sikuwa na maneno mazuri. Nilisema rangi ya mapipa ya nyuma ni sumu, nilijua, niliwapa mikononi mwao, nikaendelea baada ya kuambiwa na mtu wa kwangu mwenyewe. Nikasema daktari atawapima. Mmoja alidhani natania, akacheka, wenzake hawakucheka. Yule fundi wa kulehemu mwenye watoto pacha alimwaga chai yake chini taratibu. Akasema, "Mzee Burashi, wanangu wananipokea kila jioni. Wananirukia na ovaroli hii." Alikuwa ameishika kifuani kwa vidole viwili, kama kitu cha mtu mwingine. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, mwanangu. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

Meneja alinifukuza kabla ya mchana. Alisema nimemchafulia jina. Nilitaka kumuuliza anakumbuka swali lake la kule nyuma kuna nini, nikaona nitakuwa najificha nyuma yake. Nikakabidhi funguo. Watu wa idara walipokuja waliyafunga mapipa kwa utepe, ghala nalo, na meli ya saruji ikawekewa ulinzi mpaka ipatikane njia salama ya kuibandua. Meneja naye anaitwa kuhojiwa. Mimi nimehojiwa mara mbili, nimesema nilichokwambia. Huenda nikapelekwa mahakamani. Wakinipeleka nitakwenda.

Mtaani baadhi ya vijana wananisalimia. Yule wa pacha havuki upande ninaopita. Wengi walipimwa, daktari anasema wawili damu yao haimpendezi na atawafuatilia. Wengine wawili walikataa kwenda, wakasema hawataki kujua. Niliwaelewa vizuri mno.

Jana nilikuwa nimekaa uani nasikia mtu anabisha hodi kwa sauti isiyo na pumzi. Ngongoti. Ametembea kutoka kwake mpaka kwangu, mara ya kwanza tangu alazwe. Mkaza mjomba alitaka kumwekea kiti, akakataa. Akaniuliza, "Wote wamepimwa?"

Nikamwambia bado wawili, nikamtajia. Akafikiri.

"Mimi watanisikiliza," akasema. "Vaa viatu twende."

Tukaenda. Nilimpa mkono kwenye kona ya soko, akaupita. Vijana wale wawili walipomwona alivyokonda hakuhitaji kuwaambia mengi, wakachukua mashati yao wakatufuata. Kliniki iko ghorofa ya pili na lifti imekufa. Wao wakatangulia kupanda. Kaka yako alisimama kwenye ngazi ya tatu, kifua kinapanda na kushuka, na mimi nyuma yake sijui niweke wapi mikono yangu. Aliniambia nikikuandikia nikwambie kidonda cha mguu kimefunga, na kwamba ukija huku atakuwa na maneno na wewe, kwa hiyo ujiandae.

Kisha akashuka ngazi moja, akaweka mkono begani mwangu, mzito, uzito wake wote, tukaanza kupanda.

Sijui kama ulikuwa msamaha au zilikuwa ngazi tu. Sikumuuliza. Nilikaza mgongo, nikapanda.

Mjomba wako